Tangazo la Tatu

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitafutia ushujaa huko mbele. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa simu inayolia kabla watu hawajanywa chai. Ile ya mwezi uliopita niliiacha ilie mpaka mjukuu wangu akanishangaa: "Bibi, si upokee?" Nikapokea. Alikuwa kijana wa Nyantakara, mtoto mkubwa wa Novatus. "Shikamoo shangazi," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba nilishajua, maana watoto wa Novatus hunipigia Krismasi na Pasaka tu. "Mzee ametutoka. Ameacha neno kwamba asizikwe mpaka dada yake wa Mabawe afike." Nilikaa palepale kizingitini, kitenge kikiburuzika kwenye majivu. Dada yake. Miaka yote ile nimeitwa hivyo, na bado neno lenyewe hunipita kooni kama mwiba wa samaki. Nilikuwa dada yake, ndiyo. Lakini kuna mwaka mmoja ambao nilikuwa nakaribia kuwa mke wake, na mwaka huo niliuishi kwa hofu mwanzo hadi mwisho.

Nilikuwa nakaa kwa masista, najifunza cherehani. Novatus alikuja kutoka Biharamulo kama fundi mwashi, kujenga madarasa karibu na parokia, na alikuwa na mdomo mwepesi kuliko mwiko wake. Mimi ndiye niliyepeleka uji wa mafundi. Kila siku aliuonja, akatikisa kichwa, akasema, "Uji huu umepikwa na mtu anayeogopa moto." Wenzake wanacheka, mimi naona aibu hadi kwenye visigino. Nilimchukia kweli. Halafu siku moja hakuja kazini, na nikajikuta nauliza mafundi wote, mmoja baada ya mwingine, kwa hila ambazo hata mtoto angezing'amua, kama kuna mtu anaumwa. Hapo nikajua nimepatikana. Alirudi kesho yake, alikuwa amefuata chokaa tu. Nilimwambia uji umeisha, naye akacheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga.

Alipokuja kujitambulisha nyumbani alimleta fundi mwenzake mzee awe mshenga. Nakikumbuka chumba kile kuliko ninavyokumbuka chumba nilicholala jana. Kuta zilikuwa zimesiribwa upya kwa ajili yake, bado zinanukia udongo mbichi. Mkekani kulikuwa na sinia la ndizi zilizopikwa na maharage, bakuli la nyama ya mbuzi, na katikati chungu cha pombe ya ndizi kilichochomekwa mirija mirefu. Shangazi Anastazia, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa na kazi ya kuuliza. Mimi nilikuwa nyuma ya kizuizi cha matete pamoja na wanawake wa jikoni, nachungulia.

"Kijana, wewe ni wa nani?"

"Mimi ni Novatus, mwana wa Kazungu."

"Na Kazungu?"

"Wa Bandora, shangazi."

Mrija ulikuwa mdomoni mwa shangazi. Ukabaki palepale, lakini mashavu yake hayakuvuta tena. "Bandora wa wapi?"

"Wa Biharamulo. Alikuwa akichuuza majembe mpaka huku kwenu. Mimi sikumkuta."

Baba alikohoa, akamsogezea bakuli la nyama. "Kula, mwanangu, chakula kinapoa." Alisema kwa upole, lakini mkono uliosogeza bakuli ulimwaga mchuzi mkekani, na baba yangu hakuwa mtu wa kumwaga kitu.

Huenda msomaji wa mbali akashangaa kwa nini baba hakujua mapema. Kwetu, enzi hizo, hapakuwa na jina la ukoo la kubandika kila mtoto. Kila anayezaliwa hupewa jina lake mwenyewe, kwa jambo lililotokea siku hiyo au huzuni iliyokuwapo nyumbani. Ndugu watano, majina matano, na hakuna moja linalofanana na la baba yao. Ukitaka kujua mtu ametoka wapi, sharti umwulize arudi nyuma, baba kwa baba, kama anayekunjua uzi. Novatus alikunjua, na uzi ulipofika kwa babu yake ukamkaba shangazi yangu.

Wageni walipoondoka jua lilikuwa bado lipo. Tulikuwa tunaosha vyombo uani, na baba na shangazi wamebaki ndani wakidhani maji yanapiga kelele kuliko wao. Nikaacha sufuria, nikasogea ukutani.

"Bandora ni wengi," baba alikuwa anasema.

"Wachuuza majembe wanaofika mpaka Mabawe ni wengi? Baba Leokadia, usijidanganye."

"Sijidanganyi. Naogopa."

Ndipo nikasikia wosia wa babu yangu Ntahondi, ambao hakuna aliyewahi kuniambia. Babu hakujua kuandika. Alipokuwa anakata roho aliwaita watoto wakae miguuni pake, akagawa mashamba, akagawa ng'ombe, na mwisho akaacha maneno ambayo shangazi aliyarudia siku ile kwa sauti ya kukariri, kama sala: "Bandora ni ndugu yangu, tumechanjana, tumenywa damu. Mkishindwa na dunia, nendeni kwake. Akishindwa yeye, msimfungie mlango. Na mtoto wa hapa na mtoto wa kule wasilale kitanda kimoja, maana damu tuliyokunywa itawavimbisha hadi wafe." Zamani mtu aliyevuka msitu kati ya Ngara na Biharamulo alihitaji ndugu upande wa pili, na kama hakuzaliwa naye alimtengeneza: chale tumboni, damu kwenye pombe, kiapo. Ilipokuja njaa, baba akiwa mtoto, alipelekwa kwa Bandora akala mtama wa nyumba ile mpaka mvua iliporudi. Baadaye serikali iliwahamisha watu wa kule kwa sababu ya mbung'o waliowaletea malale, wakatawanyika, na hatukuwaona tena. Nilisimama pale ukutani, mikono inachuruzika maji. Nililishika tumbo kwa viganja vyote viwili, nione kama limeanza kuvimba.

Baba hakunikataza. Alisema tu, "Kabla sijasema ndiyo au hapana, tujue ni Bandora yupi." Kwa hiyo nikaenda parokiani. Katekista wetu, Mzee Simeoni, alinifungulia chumba cha nyuma ya sakristia, kilichokuwa na sanduku la bati, mishumaa iliyokatika na harufu ya mikojo ya popo isiyozoeleka. Vitabu vya ubatizo vilikuwa vikubwa, vimeandikwa Kilatini na mapadre wazungu wenye mwandiko wa kulala. "Usitafute jina la ukoo humu, utazeeka," Mzee Simeoni alinionya. "Tafuta kilima alikotoka mtu, halafu msimamizi wake wa ubatizo." Nilipekua kwa kidole, nikimwomba Mungu nisione kitu, na wakati huohuo nikiomba nione ili yaishe. Nikampata baba: mtoto wa Ntahondi, na msimamizi wake wa ubatizo Paulo Bandora. Nikageuza kurasa, nikampata shangazi Anastazia. Msimamizi, mke wa Paulo Bandora. Wale wazee walipobatizwa hawakuruhusiwa tena kuapishana kwa damu, basi Bandora na mkewe wakawasimamia watoto wa Ntahondi. Walihamishia undugu wao kanisani, kwenye meza ya padre mwenyewe, naye akawaandikia kwa wino mzuri.

Nilitoka mbio mpaka kwenye madarasa. Novatus alikuwa juu ya ukuta. "Babu yako alibatizwa nani?" nikapaza sauti.

"Babu? Babu alikuwa mpagani! Wake wawili na pombe kila siku. Padre alikuwa akipita mbali na mji wake."

Sijawahi kuambiwa na mwanamume maneno matamu kama yale. Mpagani! Basi si Paulo, basi ni Bandora mwingine! Nilicheka peke yangu njia nzima. Baba aliposikia alifanya ishara ya msalaba, na padre akaandika matangazo ya ndoa, yale yanayosomwa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Cheti cha ubatizo cha Novatus, alisema, kiletwe kabla ya tangazo la tatu.

Jumapili ya tangazo la kwanza nilikaa nyuma kabisa. Padre alisoma majina yetu, akaongeza kama ilivyo desturi: mwenye kujua kizuizi ana wajibu wa kusema. Kanisa likanyamaza. Mtu akakohoa. Benchi likalia, nikafumba macho. Nilikuwa na hakika kwamba babu Ntahondi mwenyewe atasimama katikati ya wanaume, na shuka lake begani, aseme. Hakusimama mtu. Shangazi Anastazia aliyekaa karibu nami alinong'ona, "Lisemwalo lipo, mwanangu. Kama halipo, laja." Nilitamani kumfinya.

Cheti tulikifuata Biharamulo wiki ileile, mimi, Novatus, na shangazi aliyetumwa kutuchunga. Lori lilituchukua asubuhi kutoka Ngara. Lilipoingia msituni watu waliacha kuzungumza, maana wakati ule porini mle kulikuwa na watu waliosimamisha magari kwa gogo. Shangazi alitoa rozari. Novatus akaanza kumtania: "Shangazi, wakija waambie una mchumba mwenye mwiko." Shangazi hakucheka. Mimi nilitazama miti ikipita, nikawaza kwamba njia hii hii Bandora aliipita kwa miguu, na majembe kichwani, akiwa na mtu mmoja tu duniani wa kumkimbilia upande wa kwetu.

Sista wa ofisi ya parokia alimpata Novatus mara moja, akaandika cheti. Tungeondoka. Lakini mimi, mwoga niliyetaka kutulizwa zaidi ya kutulizwa, nikasema, "Sista, samahani, na kitabu cha zamani kabisa?" Akakileta. Nilipekua kidogo tu. Kilima kilekile ambako familia ya Novatus ilitoka kabla ya mbung'o. Bandora, kijana, amebatizwa Paulo. Pembeni, kwa wino mwingine, padre fulani alikuwa ameandika kwamba huyu ameongeza mke wa pili, ameondolewa kwenye sakramenti. Wajukuu walisimuliwa habari za mpagani tu, na hakuna aliyewaambia kwamba aliwahi kuwa Paulo. Na msimamizi wake wa ubatizo alikuwa Petro Ntahondi, wa Mabawe.

Shangazi hakujua kusoma, lakini alikuwa ananitazama. "Imetosha," alisema. "Uso wako umeshasoma."

Novatus aliinama, akasoma mwenyewe, akanyanyua mabega. "Haya. Babu zetu walikuwa marafiki. Kwani kuna ubaya? Damu yenyewe ilishaoza nao kaburini." Padre wetu, tuliporudi, alisema vivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi: Kanisa halitambui undugu wa chale, hakuna kizuizi, ndoa ifungwe. Naye baba? Baba alichokoa kucha na kijiti. "Undugu unaweza kukatwa," alisema mwishowe. "Kuna njia. Wanachinja kondoo, nyumba mbili zinakaa, kila upande unasema mbele ya watu: hatujuani tena. Ukitaka, Leokadia, nitasema. Ila ujue nitakuwa nasema simjui mtu aliyenilisha." Aliposema hivyo kidevu kilimcheza. Kabla ya hapo nilikuwa sijawahi kumwona baba yangu akikaribia kulia.

Tangazo la pili likasomwa. Sikulala vizuri wiki ile, sikula vizuri, nilikuwa najipapasa tumbo kila nikiwa peke yangu. Jumatano mafundi wakaja kutuambia Novatus ameanguka kazini. Nilimkuta kwenye zahanati, macho ya njano, anatetemeka chini ya mablanketi, na tumbo lake, upande wa kushoto, limejitokeza. Limevimba. Mganga alisema ni malaria, bandama imekua, atapona akinywa dawa. Nilijua ni malaria. Nimewaona wagonjwa wa malaria tangu nizaliwe, dalili zake nazijua. Lakini nilipoweka mkono kwenye tumbo lile gumu, la moto, nilisikia sauti ya shangazi ikikariri wosia, nikashika ukingo wa kitanda. Muuguzi alidhani na mimi naumwa, akaniwekea kiti.

Nilikwenda kwa padre na kandambili miguuni, sikukumbuka hata viatu. Alikuwa anakula chakula cha mchana, maharage na ugali wa muhogo, kitambaa shingoni.

"Padre, naomba msisome tangazo la tatu."

"Kuna kizuizi?"

"Ninaogopa."

"Hofu si kizuizi, binti."

"Kwangu mimi ni kizuizi, padre. Akifa nitakuwa nimemuua."

Aliweka kijiko chini. Alinieleza mambo mengi mazuri kuhusu imani, na yote niliyakubali kwa kichwa. Nilipoinuka kuondoka nilirudia ombi langu, na Jumapili majina yaliyosomwa yalikuwa ya watu wengine. Novatus alipona. Ndiyo, alipona kwa dawa, angepona hata kama ningekuwa mkewe. Au asingepona. Hilo ndilo lililonitesa mwaka mzima na miaka iliyofuata: sina wa kumuuliza. Wazee husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwangu hakikwenda kicheko chochote.

Alikuja nyumbani akiwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Hakuketi. "Umeniacha kwa sababu ya mbu," aliniambia. Alitazama kile kizuizi cha matete, alitazama chungu kilichokuwa kitupu pembeni, akamgeukia baba. "Mzee, mmesema sisi ni ndugu. Mimi siamini. Lakini mmesema. Basi nitakuwa ndugu kwelikweli, na asije mtu akalalamika." Nilidhani ni hasira tu ya mtu aliyeachwa. Kumbe aliapa. Nilipoolewa na mwalimu wa Ngara, yeye ndiye aliyekuja na debe la asali kama kaka wa bibi arusi. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyechimba kaburi. Wanangu walimwita mjomba, na alikuwa akiwatania kwa uji wa mama yao. Hakuniambia tena neno la mapenzi hata moja. Akifika alikuwa akiniita dada, kwa sauti pana, mbele ya watu, na kila mara nilihisi amenipa zawadi na amenichapa kofi kwa mkono mmoja.

Nilifika Nyantakara mchana. Walikuwa wananisubiri kweli, jeneza lipo sebuleni, uwanja umejaa. Mjane wake, Domitila, mwanamke mpole ambaye sikuwahi kujua anajua nini, alinishika mkono akaniketisha kwenye mkeka wa ndugu wa damu, mbele kabisa. Nililia kama dada. Hakuna aliyenitazama vibaya. Ndio faida ya cheo kile. Kisha mtoto mkubwa akasimama kusema wosia wa baba yake, alioutamka kwa mdomo akiwa kitandani mbele ya wazee wawili. Shamba la migomba kwa mama. Mizinga ya nyuki kwa vijana. Halafu akanitazama.

"Na mzee alisema hivi: undugu wa chale wa babu Bandora na babu Ntahondi unakatwa siku ya kuzikwa kwangu. Uwe umekwisha. Watoto wetu na wajukuu wetu wakipendana, asiwepo wa kuwazuia. Alisema kondoo ameshanunuliwa."

Alikuwa mbishi mpaka kaburini. Miaka yote ile ananiita dada, kumbe alikuwa anasubiri tu nisiweze kumjibu. Mzee wa ukoo, aliyekuwa na fimbo, aligeukia mkeka wetu. Upande mmoja hauwezi kukata, alisema, mpaka upande wa pili ukubali. Mama wa Mabawe anayo kauli? Mwenye pingamizi na aseme.

Uwanja ukanyamaza kama kanisa. Hofu ile ya zamani ikanipanda kutoka miguuni, naijua kama ninavyojua kikohozi changu, lakini safari hii haikuwa ya tumbo kuvimba wala ya damu ya wazee. Nilijua kwamba alikuwa na haki. Nilijua wajukuu wetu wanastahili. Lakini nikiukata, nakaa pale kama nani? Si mke, si mchumba, si jirani. Mwanamke mzee aliyetoka mbali kumlilia mume wa mtu.

Nikasimama. "Vijana wakipendana waoane, mimi sitawazuia," nikasema. "Lakini undugu sikati. Huyu ni kaka yangu. Kondoo mpikieni waombolezaji."

Watu wakaguna. Mzee wa fimbo akafungua mdomo kunieleza kwamba jambo hilo haliwezekani, huwezi kuchukua nusu. Domitila akamtangulia. Hakuinua sauti, wala hakunitazama. Alipapasa mkeka pembeni yake, mahali nilipokuwa nimeketi.

"Wifi," akasema, "kaa tumzike."